Nyuzi Thelathini na Sita Nukta Nne

Kumi na saba. Namba ndiyo hiyo, na jina lililo chini yake ni la Usui Kazue mwenyewe.

Asilimia kumi na saba tu. Hiyo ndiyo nguvu ya chanjo ya mafua makali katika mji wa Minezawa msimu ule, kwa mujibu wa ripoti ya Ofisi ya Afya ya mkoa, na mchunguzi wa magonjwa aliyeipiga hesabu ni yeye. Miji ya jirani ilipata hamsini na tano, hamsini na nane, mmoja hata sitini na moja. Minezawa kumi na saba. Na baraza la mji lilipoisoma likafanya nini? Likaitisha kikao. Leo hii saa nane mchana madiwani kumi na wawili wangeinua mikono, na kuanzia vuli ijayo wazee elfu tatu wa mji ule wasingechanjwa tena bure. Anayetaka sindano akaitafute ng'ambo ya mlima, na theluji ile, na miguu ile.

Usui alikuwa na hasira tangu alipoamka. Si hasira ya kupiga kelele. Ni ile inayomfanya mtu afunge mlango wa gari taratibu mno.

Saa mbili na nusu asubuhi alikuwa ameketi kwenye chumba cha kumbukumbu cha ofisi ya mji, miguu karibu na hita ndogo, makasha ya fomu mbele yake. Hesabu yake haikuwa na kosa. Ameirudia mara tatu. Kila aliyekwenda kwa daktari na homa na kikohozi tangu Desemba alitiwa kijiti cha pamba puani. Waliokutwa na virusi vya mafua makali, tisini. Wasiokutwa, wale waliokuwa na homa zao nyingine, mia moja na hamsini. Halafu unauliza swali moja tu pande zote mbili: nani alichanjwa? Chanjo ikiwa kazini, waliochanjwa watakuwa wachache upande wa wagonjwa wa mafua na wengi upande wa pili. Hapa tofauti ilikuwa kiduchu. Theluthi mbili ya wagonjwa walikuwa wamechanjwa, sitini kati ya tisini. Upande wa pili, mia moja na sita kati ya mia na hamsini. Mtu hahitaji kusoma chuo kikuu kuona kwamba hapo hakuna chanjo, kuna maji.

Maji basi yametoka wapi? Virusi alivipeleka maabara: vya mji ule na vilivyotengenezewa chanjo ni ndugu wa tumbo moja. Mafriji yote aliyakagua, na vitabu vya kurekodi baridi yake havikuwa na doa. Kisha kulikuwa na uvumi wa mjini, kwamba mhudumu mmoja wa nyumba ya wazee, asiyechanjwa kwa sababu ya mzio wa mayai, ndiye aliyeleta ugonjwa. Usui aliufuatilia uvumi huo siku mbili nzima. Mhudumu mwenyewe alikuwa likizo kwa wazazi wake wiki ile wagonjwa wa kwanza walipoanza kukohoa. Siku mbili zimeliwa na umbea.

Ilibaki nyumba yenyewe ya wazee, Yukimori. Watu saba walikufa pale ndani ya siku kumi na tano za Januari. Kilichomkera Usui ni kwamba wote saba walitoka ghorofa ya pili. Ghorofa ya kwanza wazee thelathini na wanne, wakaugua wanne, hakufa mtu. Ghorofa ya pili wazee ishirini na wawili, wakaugua kumi na wanane. Chakula kimoja, wahudumu wale wale, chanjo ile ile. Fundi wa hewa aliletwa, akapanda juu ya dari, akashuka na vumbi kichwani, akasema mabomba ni mazima.

"Ya leo ni karatasi tu," Usui alijisemea, akaanza kuzipanga.

Fomu ya chanjo ni ukurasa mmoja. Jina, joto la mwili kabla ya kuchomwa, saa, muhuri mwekundu wa daktari, na chini kabisa lebo ndogo yenye namba ya chanjo, ambayo hubanduliwa kwenye chupa na kubandikwa kwenye fomu. Chupa moja watu wawili, lebo mbili. Za ghorofa ya kwanza alizisoma haraka. Thelathini na sita nukta moja. Thelathini na saba kamili. Thelathini na tano nukta nane. Miandiko mitatu tofauti, na fomu moja ilikuwa na doa la chai.

Za ghorofa ya pili alizitandaza mezani safu kwa safu, kisha akasimama ili azione zote kwa pamoja. Thelathini na sita nukta mbili, nukta nne, nukta tano, nukta tatu, nukta sita. Kisha tena nukta mbili, nukta nne, nukta tano, nukta tatu, nukta sita. Na tena. Na tena mpaka mtu wa ishirini na mbili. Mwandiko mmoja, kalamu moja, safi kabisa.

"Ala," alisema kwa sauti ndogo.

"Wewe ndiye yule mama wa kumi na saba?"

Mlangoni alikuwa amesimama mzee wa miaka sabini na kitu, viatu vya mpira hadi magotini, theluji bado mabegani, bahasha nene kwapani.

"Ndiye mimi."

"Basi asante. Angalau wewe umesema, wenzako wote wanameza mate." Aliingia bila kukaribishwa. "Naitwa Momose Teiji. Mke wangu walisema wamemchoma sindano yao Novemba, wakaniambia sasa ana kinga, nenda kalale. Mwisho wa Januari nimemzika. Humu nina saini mia sita na kumi na mbili. Nimepita nyumba kwa nyumba na goti hili bovu, na leo wakiinua mikono kufuta huo upuuzi, nitapata usingizi."

"Pole, mzee wangu. Mke wako alikuwa ghorofa ya pili?"

"Chumba cha mwisho. Momose Fumi."

Usui alipitisha kidole kwenye safu. Mtu wa saba. Alimsogezea fomu. Mzee alitoa miwani, akaisoma kwa muda mrefu kuliko fomu ilivyohitaji.

"Tarehe mmekosea," alisema.

"Tarehe ni kumi na tisa Novemba. Saa nane na dakika kumi mchana, joto thelathini na sita nukta nne."

"Ndiyo nakwambia mmekosea. Kumi na tisa Novemba ilikuwa Alhamisi, kumbukumbu ya mwaka wa saba ya kaka yake Fumi. Nilimchukua na kiti chake cha magurudumu saa nne asubuhi, tukaenda hekaluni, nikamrudisha giza linaingia. Kuhani yupo, nenda kamuulize. Fumi alikula keki mbili za mchele, nikamgombeza asije akakabwa. Saa nane mchana hakuna mtu aliyempima joto. Labda Buddha."

"Hawakumchoma aliporudi?"

"Nilikaa naye mpaka akasinzia. Nani amchome?"

"Siku nyingine je?"

"Nilikuwa naenda kila siku, mama. Mke wangu akichomwa sindano angenisimulia siku tatu mfululizo. Alikuwa mwoga wa sindano, huyo, sijapata kuona." Akamtazama. "Mbona unaitazama fomu hivyo?"

"Mzee, naomba hiyo bahasha usiikabidhi bado. Nipe mpaka saa nane."

"Kuna nini?"

"Sijajua."

"Unajua. Uso wako unajua."

"Nikikwambia kitu ambacho sijakithibitisha, nitakuwa nimefanya kama walivyofanya waliojaza hii fomu," Usui alisema. "Saa nane, mzee wangu. Keti mbele, nikuone."

*

Yukimori iko mwendo wa robo saa kwa gari, ikiwa barabara imefagiliwa. Usui alivua viatu, akavaa ndara za wageni, akaandikishwa kwenye kitabu na karani mwenyewe. Bwana Nagumo alikuwa na miaka arobaini, tai yake imenyooka, meza yake safi kama ya maonyesho. Alimwandikia jina, saa na joto la mwili, na Usui akautazama mkono wake ukiandika. Thelathini na sita nukta nne. Kipimajoto kilikuwa bado kwenye kopo lake.

"Hujanipima," alisema.

Nagumo akatabasamu. "Bi Usui, unaonekana mzima."

Usui akaweka fomu ishirini na mbili juu ya meza ile safi. "Haya. Hizi nazo ulizipima kwa macho?"

Tabasamu likapungua. Aliziangalia, akazinyoosha pembe zilingane. Hata hapo mkono wake haukuweza kuacha karatasi zikiwa zimepinda.

"Hayo ni maandalizi tu," alisema. "Daktari Kakizaki ana miaka sabini na minane. Hatuwezi kumsimamisha akingoja karatasi, ni aibu. Kwa hiyo siku moja kabla tunajaza kila kitu, tunabandua lebo kwenye chupa tunabandika kwenye fomu, tunapiga muhuri. Yeye akifika ni kuchoma tu. Tunafanya hivyo kila mwaka. Mwenyewe hutusifu."

"Muhuri wa daktari unapigwaje kabla daktari hajafika?"

Nagumo alivuta droo. Ulikuwa humo ndani, kwenye kijaluba cha hariri. "Huwa anatuachia. Kila mtu anafanya hivyo, Bi Usui. Hata ofisini kwenu."

Muhuri wa Usui mwenyewe wakati ule ulikuwa kwenye droo ya katibu wake, na ripoti ya kumi na saba ilipigwa muhuri huo yeye akiwa kwenye mkutano mwingine. Hilo lilimwongezea hasira, na sasa hakujua aielekeze wapi.

"Momose Fumi hakuwepo humu siku hiyo."

"Angechomwa akirudi."

"Alichomwa?"

"Fomu ilikuwa na muhuri."

"Bwana Nagumo, sikukuuliza habari za muhuri. Nimekuuliza mkono wa yule bibi. Sindano iliingia?"

"Mimi ni karani," Nagumo alisema. Shingo ilikuwa imemwiva. "Sipandi juu na sindano. Tarehe thelathini fomu zinatakiwa mjini. Nilizikuta zimekamilika, nikazipeleka."

"Ulizikuta zimekamilika kwa sababu wewe ndiye uliyezikamilisha."

Usui akaomba kitabu cha taka hatari, kile wanachoandika sindano zilizotumika na chupa tupu kabla gari la kuchoma taka halijazichukua. Nagumo alikileta kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Novemba, ukurasa wa tatu. Sindano zilizotumika thelathini na nne. Chupa tupu kumi na saba.

Namba ile ile tena, imemfuata mpaka huku. Safari hii lakini alifurahi kuiona. Chupa kumi na saba ni watu thelathini na wanne, ghorofa ya kwanza hiyo, imetimia. Kwa nyumba nzima zilitakiwa chupa ishirini na nane. Kumi na moja hazikutupwa mahali popote.

"Muuguzi mkuu yuko wapi?"

"Sista Tsurumaki yuko jikoni kwa wafanyakazi, anapumzika. Bi Usui, nakuomba, ni mtu ambaye..."

"Ndiyo," Usui alisema, akaenda.

*

Tsurumaki Hatsue alikuwa mwanamke mpana wa miaka hamsini, mikono mikubwa, amekaa peke yake na kikombe cha chai na kisahani cha figili ya kuchachua ambayo hakuigusa. Alipomwona Usui na kitabu cha taka mkononi, alisukuma kikombe pembeni. Aliinuka, akafungua friji ya wafanyakazi, akasogeza ndoo ya rojo la soya, akatoa kopo la bati la biskuti za mchele. Akaliweka mezani.

Ndani, juu ya pamba, chupa kumi na moja zilikuwa zimelala zimejaa, mihuri ya vifuniko haijavunjwa. Ubavuni mwa kila moja, mahali lebo zilipobanduliwa, ilibaki alama ya gundi.

"Daktari alimaliza ghorofa ya kwanza saa saba," Tsurumaki alisema. "Akasema amechoka, juu atakuja kesho. Kesho yake theluji ikafunga barabara. Wiki iliyofuata akafanyiwa upasuaji wa jicho. Alipopona akaanza tena kuja kila Alhamisi, kama kawaida yake."

"Ukamkumbusha."

"Niliweka trei."

"Trei gani?"

"Ya sindano na pamba. Kila Alhamisi niliiweka mezani karibu na kikombe chake, aione mwenyewe, akumbuke."

"Akaiona?"

"Alikunywa chai."

"Alhamisi ngapi?"

"Sita."

Usui alivuta kiti, akaketi. "Sista. Mdomo unao. 'Daktari, ghorofa ya pili bado.' Maneno matano. Yalikushinda?"

"Wewe umewahi kumwambia mkubwa wako, mbele ya watu, kwamba amesahau kazi yake?" Tsurumaki hakuinua sauti. "Mikono ya yule mzee ndiyo iliyonipokea nilipozaliwa. Binti yangu naye, yeye. Mji mzima huu umepita kwenye mikono ile. Nimwambie nini, kwamba amezeeka? Nilisema Alhamisi ijayo atakumbuka. Halafu fomu zikawa zimeshakwenda. Nikisema, Nagumo anaumbuka. Nikasema basi, msimu wenyewe labda utakuwa mwepesi."

"Watu saba."

"Najua majina yao. Najua na saa."

"Na ulikaa kimya wakati namba yangu inasomwa redioni. Wakati Mzee Momose anapita nyumba kwa nyumba na goti lake anakusanya saini, anaapa kwamba mkewe alichanjwa. Alikuja hapa mlangoni kwako?"

"Alikuja." Macho ya Tsurumaki yalikuwa mekundu lakini makavu. "Nilitia saini."

Usui alitaka kulitupa lile kopo ukutani. Alilifunika taratibu, akahakikisha mfuniko umekaa. "Kwa nini hukuzitupa hizi? Zisingeonekana kamwe."

Tsurumaki alimtazama kana kwamba ameulizwa jambo la kipuuzi. "Dawa nzima? Nani anatupa dawa nzima?"

"Vaa koti," Usui alisema. "Tunaondoka wote."

*

Walifika ukumbi wa baraza saa nane na dakika tano. Daktari Kakizaki, mwenyekiti wa kamati ya afya ya mji, alikuwa amesimama mbele ya madiwani, mwembamba, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, na watu walimsikiliza vichwa vimeinama kidogo, kama walivyozoea kumsikiliza tangu utotoni.

"Nimechoma sindano mji huu miaka hamsini," alikuwa anasema. "Sikutegemea kufika siku hii. Lakini namba ni namba. Kama chanjo ingefaa kitu, wazee wangu saba wangekuwa hai. Nashauri tusiwape watu tumaini la uongo."

Momose alikuwa kiti cha mbele, bahasha mapajani.

"Samahani," Usui alisema, na hakungoja aruhusiwe. "Namba hiyo ni yangu, na ni ya uongo. Nimekuja kuifuta."

Mwenyekiti wa baraza alisema kitu kuhusu ratiba. Usui alikuwa ameshafika mezani. Aliweka marundo mawili ya karatasi. "Hawa tisini ni wagonjwa wa mafua makali. Sitini walichanjwa, thelathini hawakuchanjwa, ndivyo fomu zinavyosema. Hawa mia na hamsini walikuwa na homa nyingine. Mia na sita walichanjwa, arobaini na wanne bado. Ukilinganisha, unapata kumi na saba. Sasa tazameni."

Akachomoa fomu moja moja kutoka kwa waliochanjwa, akazihamishia kwa wasiochanjwa. Ukumbi ulimsikia akihesabu. Kumi na nane kwenye rundo la wagonjwa wa mafua. Nne kwenye rundo la pili.

"Ghorofa ya pili ya Yukimori, watu ishirini na wawili. Karatasi zao zilichanjwa, wao hawakuchanjwa. Sasa wagonjwa wa mafua waliochanjwa ni arobaini na wawili, wasiochanjwa arobaini na wanane. Upande wa pili waliochanjwa ni mia na wawili, wasiochanjwa arobaini na wanane vile vile. Hesabu ile ile, kanuni ile ile. Hamsini na tisa."

Diwani mmoja mnene alikohoa. "Yaani chanjo inafanya kazi?"

"Ikiingia mkononi mwa mtu, ndiyo. Ikibaki kwenye kopo la biskuti, haifanyi." Akafungua kopo, akazipanga chupa mezani, zote kumi na moja, mbele ya Daktari Kakizaki.

Mzee yule aliinua moja. Alipitisha kidole gumba kwenye gundi, mahali lebo ilipokuwa, mara moja, mara mbili. Kisha macho yake yalitafuta nyuma ya ukumbi mpaka yakampata Tsurumaki amesimama karibu na mlango.

"Niliweka trei, Daktari," Tsurumaki alisema.

"Niliiona," alisema Kakizaki.

Hata Usui hakulitegemea hilo. Alikuwa ameandaa maneno ya kumlainishia mzee aliyesahau.

"Alhamisi ya kwanza niliiona nikakumbuka. Nikataka kusema. Lakini Nagumo alikuwa ameniambia fomu zimeshapelekwa mjini, zimekamilika. Ningesema, vijana wale wangeaibika mbele ya mji kwa kosa langu. Nikangoja Hatsue aniombe. Angeniomba tu, ningepanda juu." Aliirudisha chupa mezani. "Na baadaye ikawa Januari."

"Na leo umesimama hapa unasema chanjo haifai," Usui alisema. Sauti yake ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Ulijua. Ulikuwa unataka wazee elfu tatu wakose kinga maisha yao yote ili Alhamisi sita zisijulikane. Mlikuwa mnaheshimiana, nyie watatu. Mnapishana mlangoni kwa adabu, tangulia wewe, hapana tangulia wewe, na ndani nyumba inaungua na watu."

Momose alikuwa amesimama. Alimjia Usui, si daktari. "Fumi angepona?"

"Siwezi kukuapia, mzee wangu. Chanjo si ukuta. Ila pale chini, waliochomwa thelathini na wanne, waliugua wanne na hakufa hata mmoja."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea bei ya kitu alichokwisha kununua. Nyuma ya meza, Daktari Kakizaki alikuwa amezunguka upande wa watu. Alipiga magoti mbele ya Momose, goti moja kisha la pili, akaweka viganja sakafuni, akaweka na paji la uso. Tsurumaki akafanya hivyo hivyo pale pale mlangoni. Mwenyekiti wa baraza alisimama akainama nyuzi tisini, na madiwani wote wakamfuata, migongo kumi na miwili.

Momose aliitazama ile migongo.

"Inuka, Daktari."

Kakizaki hakuinuka.

"Nimesema inuka. Hata hii nayo ni adabu. Adabu zenu mke wangu ameshazishiba."

Akangoja mpaka mzee yule akajikongoja kusimama, akishikilia ukingo wa meza. Kisha akaichukua bahasha yake, saini mia sita na kumi na mbili, akaiweka kwenye kopo la biskuti na kulifunika. Akawageukia madiwani.

"Endeleeni. Si mlikuja kuinua mikono? Nani anafuta?"

Diwani mnene alitazama karatasi zake. Aliyekaa pembeni yake naye akatazama za kwake. Momose alisimama pale akiwatazama mmoja mmoja, bila haraka, mpaka wa kumi na mbili, na hakuna aliyeinua mkono.